Kuchagua Lugha ya Kuandikia Mipangilio ya Vim na Neovim

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa mipangilio au programu-jalizi ya kihariri chako, jiulize lugha hiyo inatumika wapi nje ya kihariri hicho, na ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya msimbo unaopokelewa, kwa maana mwenye kauli ndiye pia anayeamua lugha.

Vim, kihariri cha maandishi, ilitolewa na Bram Moolenaar wa Uholanzi mwaka 1991, naye ndiye aliyeshika ufunguo wake hadi alipofariki Agosti 2023. (Ni yeye aliyeweka kwenye ukurasa wa kufungulia lile ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda, ambalo wengi wetu hulipita bila kulisoma.) Mwaka 2014 Thiago de Arruda, ambaye kiraka chake kikubwa (mabadiliko aliyopendekeza katika msimbo wa Vim) hakikupokelewa, alichukua msimbo huo akaanzisha Neovim, iliyokuja kuikumbatia Lua, lugha inayotumika pia katika michezo ya kompyuta na seva. Vim 9 ya Juni 2022 ilileta Vim9 script, yenye kasi kuliko Vimscript ya zamani, lugha ya Vim yenyewe, lakini Neovim haiielewi.

Ili kujua nani ameshika ufunguo leo, tumia git, programu inayotunza historia ya msimbo, kunakili hazina ya msimbo wa kihariri kwenye kompyuta yako, kisha andika:

`git shortlog -snc --since="1 year ago"`

Herufi c huhesabu walioingiza mabadiliko, si walioyaandika. Katika miaka ya Bram jina lake lilijaa karibu kote, na wachangiaji walitajwa ndani ya maelezo tu.

Ukitumia vihariri vyote viwili, kwa mfano Neovim nyumbani na Vim kwenye seva za kazini, ushauri wangu ni kuacha mipangilio ya pamoja katika `.vimrc`, faili la mipangilio la Vim, kwa Vimscript ya zamani, ambayo zote mbili huisoma, kisha katika `init.lua`, faili la mipangilio la Neovim, uanze na mstari huu:

`vim.cmd('source ~/.vimrc')`

Usiweke `init.vim` (faili kama hilo lililoandikwa kwa Vimscript) kando ya `init.lua`, kwani Neovim italalamika kuwa zinagongana.

Kazi nzito ya programu-jalizi iandike kama programu ya pekee, kwa Python au lugha nyingine unayoimudu, ili kihariri kiiite tu. Hapo tofauti itakayobaki ni ndogo: Vim huiita kwa `job_start()`, na Neovim kwa `jobstart()`, ingawa chaguo zinazopokelewa na kila moja hazifanani.