Jinsi ya kujua kama korti imetoa waranti ya kukukamata

Dereva mmoja wa gari la Probox aliingia saiba yangu hapa Kisumu saa mbili asubuhi, kabla sijawasha hata printa, akaweka simu yake juu ya kaunta. "Dada, hebu niangalizie kwa kompyuta. Kuna jamaa anasema ni wa DCI, wale wa upelelezi wa jinai, ati niko na waranti. Anataka elfu nane aifute kabla ya saa sita."

Kazi yangu kubwa ni kusaidia watu kuwasilisha kesi kwa mtandao, na tangu mfumo huo ufunguliwe kwa korti zote nchini Machi 2024, wengi hudhani nina mahali pa kubonyeza nione kila anayetafutwa Kenya. Hakuna. Kule Marekani kaunti nyingi huweka waranti zao kwenye tovuti, unaandika jina zinatokea. Kwetu waranti hulala ndani ya faili ya kesi. Ukitaka kuiona, tafuta faili.

Hatua ya 1: Usitume pesa

Kifungu cha 102 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema waranti huwa na sahihi ya hakimu au jaji na muhuri wa korti, na hudumu mpaka itekelezwe au ifutwe na korti iliyoitoa. Afisa wa polisi hawezi kuifuta, cheo chake kiwe kipi. Anayekupigia mwulize: korti gani, kesi nambari ngapi, nikupate kituo gani? Dereva wangu alipouliza hayo simu ilikatwa, na ile nambari haikupatikana tena. Tukacheka. Tulicheka mapema.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi

Kitambulisho, risiti ya dhamana uliyolipa kituoni, hati ya mashtaka kama ulipewa, nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Risiti ndiyo muhimu kuliko zote.

Hatua ya 3: Jiulize ungetafutiwa nini

Watu wengi ninaowaona si majambazi. Ni watu waliokamatwa kwa kosa la barabarani, wakaweka dhamana, wakapewa tarehe ya korti, wakasahau au wakaona ni heri dhamana ipotee kuliko kupoteza siku ya kazi. Hawajui kwamba kuacha dhamana hakumalizi kesi. Hakimu huita jina, hakuna anayeitika, waranti inatolewa.

Kuna shahidi aliyepuuza samansi. Naye anaweza kuletwa kortini kwa waranti. Kuna pia waranti za kesi za madai: mdaiwa aliyeshindwa kulipa akaitwa ajieleze kwa nini asifungwe, hakuja. Hizo ziko upande mwingine kabisa wa masjala, ofisi ya mafaili ya korti, kwa hiyo usipange foleni ya jinai ukitafuta deni.

Dereva wangu alikuna kichwa, kisha akakumbuka. Miezi saba nyuma, abiria kupita kiasi, njia ya Luanda. Alilipa dhamana, na siku ya korti mtoto akaugua.

Hatua ya 4: Tafuta korti na nambari ya kesi

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili, kwa hiyo nivumilie.

Kila korti ina mfululizo wake wa nambari, na kila mwaka huanza upya. Kesi ya trafiki E045 ya mwaka fulani inaweza kuwa Winam, ikawa Vihiga, ikawa Molo, na zote zikawa za watu tofauti. Nambari bila jina la korti na mwaka haina maana. Na jina la korti bila nambari? Linasaidia, kwa sababu unaweza kufungua rejista, ilmradi uwe kwenye korti sahihi.

Sisi hatukuwa. Dereva aliapa kwamba alikamatiwa Maseno, basi tukaenda korti ya Maseno. Tulipitia wiki tatu za rejista na jina halikuwepo. Kosa lilikuwa letu. Anayeendesha gari kati ya Kisumu na Luanda hujua "Maseno" ni neno pana; mpaka wenyewe kaunti mbili bado zinaubishania. Alikuwa amesimamishwa upande wa Luanda, Kaunti ya Vihiga, na kesi ikapelekwa korti ya Vihiga kule Mbale. Risiti ya dhamana, ambayo aliipata jioni ile nyuma ya kioo cha jua cha gari, ilikuwa na jina la kituo wazi kabisa. Ndiyo maana nimeweka karatasi hatua ya pili. Siku ile sisi tuliiruka.

Kwa hiyo fuata kituo kilichokuandikia OB, usifuate mahali unapodhani ulisimamishwa. Piga hodi kituoni, toa nambari ya OB, uliza wanapeleka watu korti gani. Walio Nakuru wana mtego uleule: ukishikwa Salgaa au Mau Summit usikimbilie Nakuru mjini kwa kuwa ndiko unakokujua. Molo kuna korti.

Sasa mtandao. Mimi hutumia kompyuta, kwa maana kwenye simu jedwali hukatika upande wa kulia, na nambari mara nyingi iko hukohuko ulikokatika. Vya kuangalia ni viwili. Orodha ya kesi za siku, ambayo Mahakama huichapisha kwa kila kituo: fungua tarehe uliyopewa, soma majina ya kesi za trafiki na jinai, nakili nambari. Kisha mfumo wa kuwasilisha kesi, efiling.court.go.ke. Kwangu umesaidia pale tu nilipokuwa na nambari tayari. Kuna wanaokimbilia tovuti ya Kenya Law. Ni hazina nzuri, lakini kazi yake kubwa ni hukumu na sheria. Waranti ya Probox iliyojaza abiria hutaiona huko.

Na majina, jamani. Jina la dereva wangu lina "kh". Aliyeandika hati ya mashtaka aliweka "k" tupu, akaacha jina la ubatizo, akatanguliza la baba. Ukitafuta kwa jina, jaribu kila sura yake: l na r, kh na k, o na a mwanzoni kwa majina ya Kijaluo. Andika sura hizo kwenye karatasi kabla hujafika kaunta. Karani hana subira ya kukungoja ufikirie.

Kuna wanaoniambia wachukue tu cheti cha nidhamu cha DCI, shilingi 1,050 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kikitoka kisafi basi hakuna waranti. Sikubaliani. Cheti hicho hulinganisha alama za vidole na rekodi za jinai. Aliyelipa dhamana kituoni usiku na kwenda zake huenda vidole vyake havijawahi kuguswa wino.

Hatua ya 5: Omba kuona faili

Fika kabla ya saa tatu, maana hakimu akishaingia mafaili huhamia naye. Sema wewe ni mshtakiwa na unaomba kupekua faili yako. Ukiambiwa kuna ada, lipa kupitia eCitizen upate risiti, usiweke kitu mkononi mwa mtu. Mabroka walio langoni wapite kama mawe ya njiani.

Ndani ya faili usihangaike na hati ya mashtaka. Nenda ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wa hakimu au taipu, tafuta herufi W/A, kifupi cha "warrant of arrest". Hiyo ndiyo waranti. Angalia tarehe, kisha angalia kama kuna maandishi baadaye yanayoifuta. Ya dereva wangu ilikuwepo. Yule tapeli alikuwa amebahatisha tu.

Ukiambiwa faili haionekani, rudi kesho. Mara ya tatu, andika barua kwa msimamizi wa mahakama. Polisi nao wakikataa kukuambia lolote, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu ombi la maandishi, na saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Taja hizo saa 48 kwenye barua.

Faili za watoto na za makosa ya kingono usitarajie kufunguliwa kama huhusiki. Na kama unatafutia mchumba wa dada yako waranti, hapo umenipoteza.

Hatua ya 6: Ukiikuta

Usirudi nyumbani kungoja. Waranti inaweza kutekelezwa popote Kenya, na Ijumaa jioni ni siku mbaya ya kukamatwa. Uliza masjala wakupeleke mbele ya hakimu siku hiyohiyo, uwe na mdhamini au pesa za dhamana, na ushahidi wa sababu ya kukosa. Dereva wangu alikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto yenye tarehe ileile. Hakimu aliisoma, akaifuta waranti, akampa tarehe mpya.

Kisha lile ambalo karibu kila mtu husahau: omba nakala ya amri ya kufuta, yenye muhuri. Korti ikishafuta, karatasi ya zamani inaweza kuwa bado iko kituoni kwenye droo, na afisa atakayekusimamisha hajui kilichotokea Mbale. Piga nakala tatu. Moja ipeleke kituo kilichokukamata, moja iache nyumbani. Ya tatu ya dereva wangu iko ndani ya bahasha ya kaki nyuma ya kioo cha jua, pale ilipokuwa risiti.