Kusoma Ugiriki Ukitokea Dodoma: Namna ya Kujiandaa na Kuishi na Wenyeji

Mwanafunzi wa Dodoma anayepata nafasi ya kusoma muhula mmoja au mwaka mzima nchini Ugiriki, iwe kwa mpango wa Erasmus+ wa kubadilishana wanafunzi au kwa kujigharamia, mara nyingi humaliza nguvu zake kwenye viza na tiketi, kisha akafika Athens hajui hata kusoma kibao cha kituo cha basi. Makaratasi ni ya lazima, lakini yasikumeze.

Masomo yanayozidi siku 90 huhitaji viza ya muda mrefu ya aina D, na ukishafika utaomba kibali cha ukaazi. Kwa hiyo pasipoti, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi), vyeti vya Baraza la Mitihani na barua ya udahili viwe tayari miezi kadhaa kabla. Anayekwenda kwa kubadilishana akubaliane na idara yake kwa maandishi kuhusu kozi zitakazohesabiwa atakaporudi. Mwaka kamili wa masomo katika mfumo wa Ulaya ni krediti 60. Ukiwa huko, shughulikia mapema namba ya mlipakodi iitwayo AFM, kwani itahitajika katika kupanga nyumba na kufungua akaunti ya benki.

Lugha ianzie nyumbani. Alfabeti ya Kigiriki ina herufi 24, na aliyesoma hisabati na fizikia tayari anazijua alfa, theta, pi na sigma. Zinazopotosha ni herufi kubwa zinazofanana na zetu: Ρ husomwa r, Η husomwa i, na Β husomwa v, hivyo kibao cha ΤΑΒΕΡΝΑ ni taverna, yaani mgahawa. Chuo Kikuu cha Athens, kilichoanzishwa mwaka 1837, na Chuo Kikuu cha Aristotle cha Thessaloniki, cha mwaka 1925, vyote hufundisha Kigiriki kwa wageni. Jiandikishe hata kama masomo yako yanatolewa kwa Kiingereza.

Mikono nayo inahitaji adabu mpya. Kumwelekezea mtu kiganja kilichokunjuliwa, vidole vyote vitano vikiwa vimetanuliwa, ni tusi, kwa hiyo usiagize nyanya tano kwa ishara kama ambavyo ungefanya katika soko la Majengo. Muuzaji akiinua nyusi na kidevu huku akipiga ulimi, amekataa, ingawa kwetu nyusi zilizoinuliwa huwa ni kukubali.

Urafiki hujengwa mezani. Chakula cha jioni huanza saa tatu usiku au baadaye, sahani huwekwa katikati na kila mtu huchota, jambo ambalo halitakusumbua. Kikombe kimoja cha kahawa kinaweza kuchukua saa mbili, na anayekunywa harakaharaka akaondoka huonekana hakutaka maongezi. Alasiri ni saa za utulivu, na wakati wa kiangazi kelele hukatazwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja na nusu. Spika yako ya muziki isubiri. Rafiki akisherehekea siku ya mtakatifu wa jina lake, yeye ndiye anayewakirimu wenzake, nawe nenda na boksi la peremende.

Pasaka ya Kiorthodoksi, ambayo mara nyingi haiangukii tarehe moja na ya Wakatoliki na Waanglikana wa kwetu, usiitumie kutalii na wageni wenzako. Ukialikwa kijijini, kubali: usiku wa manane Jumamosi watu huwasha mishumaa kanisani, hugonganisha mayai mekundu, na Jumapili mwanakondoo huzungushwa juu ya makaa, kazi ambayo mtoto wa mfugaji wa Kigogo hatashindwa kuitolea maoni.

Mazungumzo yakikwama, zungumzia zabibu, si simba na tembo. Wagiriki huvuna mara moja kwa mwaka, zaidi Agosti na Septemba, na wengi hawatarajii kusikia kwamba mashamba ya Hombolo na Mpunguzi, kwetu Dodoma, yanaweza kuvunwa mara mbili. Kisiwani Santorini utaona matawi ya mizabibu yamesokotwa karibu na ardhi kama kikapu ili zabibu zikingwe na upepo mkali. Mwanafunzi wa kilimo aende pia kukitazama Chuo Kikuu cha Kilimo cha Athens, kilichoanzishwa mwaka 1920. Kwa kuwa vipindi huanza kwa kawaida mwishoni mwa Septemba au Oktoba, anayefika wiki chache kabla anaweza bado kuyakuta mavuno shambani.