Somo: Pima goti lako kwa simu unapofanya mazoezi nyumbani

Habari zenu wanachama. Somo hili ni la mtu aliyevunjika mguu, akafungwa plasta au akawekewa vyuma, na sasa yuko nyumbani na karatasi ya mazoezi. Kliniki ya fiziotherapia ni mpaka mwezi ujao, nauli ni ghali, na katikati hapo hana wa kumwambia kama goti linafunguka au linazidi kukakamaa. Simu inaweza kumwambia, lakini ni pale tu anapopima kwa namna ileile kila mara. Hilo ndilo nitakalosisitiza mpaka mwisho.

Ndani ya simu janja kuna kihisi kinachotambua uvutano wa dunia unaelekea wapi. Ndicho kinachogeuza picha ukilaza simu. Programu za pimamaji, zile zinazofanya kazi kama pimamaji ya fundi mwashi, hutumia kihisi hichohicho na kukuonyesha mwinamo kwa digrii. Kwenye iPhone imo ndani ya Measure. Kwenye Android pakua yoyote ya bure inayoonyesha namba.

Hatua ya 1: Ijaribu simu. Vua kava. Usiilaze kwa mgongo, maana kamera imechomoza na itainamisha kila kipimo. Tumia ubavu usio na vitufe. Isimamishe kwa ubavu huo juu ya meza, soma namba, kisha igeuze ncha kwa ncha palepale. Namba zikipishana kwa zaidi ya digrii 1, irekebishe kwenye mipangilio ya programu. Halafu ibandike ubavu kwenye fremu ya mlango: isome 90. Ikisoma 0, programu hiyo huanza kuhesabu upya kila upande, haitufai. Tafuta nyingine.

Hatua ya 2: Chora alama. Chukua kalamu ya wino, chora mstari katikati ya paja kwa mbele, na mwingine kwenye ugoko, upana wa kiganja chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti. Alama zikififia baada ya kuoga, zirudie kabla hazijapotea. Msiidharau hatua hii. Ugoko ni mfupa mtupu, unasomeka vizuri, lakini paja ni nyama: ukisogeza simu vidole vitatu kuelekea nyonga, namba inabadilika wakati goti halijabadilika hata kidogo.

Hatua ya 3: Pima kukunja. Lala chali kwenye mkeka. Godoro linabonyea na kuharibu kipimo. Vaa soksi ili kisigino kiteleze, kivute taratibu kuelekea makalio, usimame pale goti linapokataa. Msaidizi aweke simu kwenye alama ya paja, asome, kisha kwenye alama ya ugoko, asome. Jumlisha. Paja likisoma 48 na ugoko 44, goti limekunja digrii 92.

Kuna mtego hapa. Goti likianza kufunguka vizuri, kisigino hupita nyuma, kikawa karibu na makalio kuliko goti lenyewe. Hapo ugoko umeshavuka wima, na programu nyingi zitaanza kushuka: badala ya 100 zinaonyesha 80. Toa namba hiyo kwenye 180 ndipo ujumlishe na ya paja. Rudia kipimo mara tatu, uandike kile cha katikati.

Hatua ya 4: Pima kunyoosha. Wengi hufurahia kukunja wakasahau kunyoosha, na goti lisilonyooka hata kwa digrii chache tu linakufanya uchechemee na kuchosha msuli wa paja. Hapa simu naiweka pembeni. Lala kifudifudi, mapaja yote yakae kitandani na miguu ining'inie nje kuanzia magoti. Msaidizi apime kwa tepu ya fundi cherehani kisigino kimoja kiko juu ya kingine kwa sentimita ngapi. Kila sentimita 1 ni takriban digrii 1 iliyopungua.

Hatua ya 5: Andika. Tarehe, kukunja, kisigino, maumivu kwa 0 hadi 10. Pima kabla ya mazoezi siku zote, kwa sababu goti lililokwisha kupata joto hukunja zaidi. Mara mbili kwa wiki inatosha. Piga picha ukurasa, mtumie mtaalamu wako kwa WhatsApp.

Kama daktari amekuambia usivuke kiwango fulani, amri yake ndiyo ya kufuata. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi ikibana, kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, acha kupima, nenda hospitali siku hiyohiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Mwalimu, juzi nilipata 95, leo 91. Nimerudi nyuma?

Hapana, ndugu yangu. Mkono tu wa anayepima unaweza kuleta tofauti ya digrii 5. Tazama vipimo vya wiki mbili tatu kwa pamoja. Vikiwa vinashuka mfululizo, hapo tuzungumze.

Geita: Mimi natumia kitochi.

Basi tumia tepu. Kunja goti kama Hatua ya 3, upime sentimita kutoka kisigino hadi makalio. Namba ikipungua, goti linafunguka. Mtaalamu wako atakuelewa vizuri tu.

Mombasa: Shikamoo daktari. Mamangu ana sukari na bega limeganda. Nimeweka simu mkononi akiwa amesimama, akageuza mkono nje, simu haikusoma chochote.

Marahaba mwanangu. Simu haina tatizo. Mkono ukizunguka sambamba na sakafu, mwinamo haubadiliki, kwa hiyo kihisi hakioni kitu. Mlaze chali, kiwiko kikae ubavuni kimekunjwa, mkono utazame dari. Hapo simu isome 90. Sasa auache ulale taratibu kuelekea nje. Ikisoma 70, amezungusha digrii 20. Usikose kupima mzunguko huo, kwa sababu kwenye bega lililoganda ndio unaopungua zaidi. Wenye kisukari hupatwa sana na bega hili na hukawia kupona, kwa hiyo sukari yake nayo ifuatiliwe.

Ujiji: Natakiwa kufika digrii ngapi ili niswali kama zamani na nitumie choo cha kuchuchumaa?

Kutembea kunahitaji kama 60 hadi 70. Ngazi na kuinuka kitini, 90 hadi 100 na kitu. Kuchuchumaa na kukalia miguu katika swala ni zaidi ya 130, na si kila goti lililovunjika hufika huko. Mweleze daktari wako mapema kwamba hayo ndiyo unayoyataka, ili mazoezi yapangwe kuyaelekea. Kwa sasa swali ukiwa umekaa kwenye kiti, na chooni tafuta kiti cha mbao kilichotobolewa katikati. Fundi seremala yeyote atakuchongea ukimwonyesha kimo cha goti lako.