Umemaliza? Hatua za kujifunza utulivu kupitia karate

Katika mashindano yangu ya kwanza nilimpiga mpinzani ngumi safi ya kifua, nikageuka kwa furaha na kumpa mgongo. Waamuzi wa pembeni hawakuinua bendera. Niliona nimedhulumiwa. Mwalimu wangu aliponifuata aliniuliza neno moja tu: "Umemaliza?"

Kwa kanuni tulizopigania siku ile, pointi ya karate ilihitaji sifa sita, na mojawapo ni ile ambayo Wajapani huiita zanshin, yaani moyo uliobaki. Ngumi imefika, lakini wewe je, bado upo? Kwenye kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mianzi, jambo hili ni zito zaidi: pigo lililokwisha kupewa pointi laweza kufutwa mpigaji akishangilia.

Swali lile limenifaa kuliko teke lolote nililofundishwa, kwa sababu nje ya ukumbi pia nilikuwa mtu wa kuondoka mapema: mwili upo mezani, akili imeshafika kesho. Hatua zinazofuata ndizo ninazowapa wanafunzi wangu. Jipe wiki sita, robo saa kwa siku. Natumia maneno ya karate, ila ukifanya judo, taekwondo au taijiquan hutapotea.

Hatua ya 1: Anzia mlangoni

Kabla ya kuingia ukumbini, simama, unganisha visigino, toa pumzi moja ndefu, kisha inama. Ukiwa umeinama, taja moyoni ulichokuja nacho: "Nimekuja na hasira", "Nimekuja nimechoka". Usijaribu kuifukuza. Ukishaitaja, utaitambua itakapojitokeza katikati ya mazoezi ikijifanya ni nguvu. Kama imani yako haikuruhusu kuinama, simama wima kimya kwa pumzi ile ile. Kazi ni ile ile.

Hatua ya 2: Kaa na pumzi dakika tatu

Hiki ndicho kipindi cha mokuso, yaani kukaa kimya na kutuliza akili. Piga magoti na kukalia visigino, au kunja miguu, au tumia kiti ikiwa magoti yanauma. Hakuna tuzo ya kuvumilia maumivu ya goti. Weka kiganja chini ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, na tumbo ndilo lisogee, si mabega. Mapigo ya moyo huongezeka kasi kidogo unapovuta hewa na kupungua unapoitoa, ndiyo maana tunarefusha kutoa.

Hesabu pumzi kutoka 1 hadi 10. Akili ikitoroka, rudi kwenye 1 bila kujikaripia. Wengi huniambia wameshindwa kwa sababu hawakufika 10. Hawajashindwa. Aliyetoroka mara kumi na kurudi mara kumi amefanya zoezi mara kumi.

Ukisikia kizunguzungu, acha kuhesabu na upumue kawaida. Na kama kufumba macho kunakuletea kumbukumbu za kutisha, yaache wazi, utazame sakafu hatua moja mbele yako.

Hatua ya 3: Ngumi moja, polepole

Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda mwingi kuliko kwingine kote.

Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, ngumi zote mbili kiunoni. Sukuma mkono wa kulia mbele taratibu kabisa, kiasi kwamba ngumi moja ichukue pumzi nzima ya kutoa. Fuata safari yake: kisigino kinakandamiza sakafu, nyonga inageuka, bega limetulia, kiwiko kinapita karibu na mbavu, na ngumi inajigeuza mwishoni kabisa. Ukiona bega linapanda, umeanza kuharakisha. Mwili hauwezi kukuficha jambo hilo, na ndiyo sababu nauamini kuliko maneno yangu mwenyewe ninapodai kwamba nimetulia.

Ngumi ikifika, usiirudishe. Bado. Iache pale, macho mbele, upumue mara mbili. Sikia uzito ulivyogawanyika kwenye nyayo, sikia sauti za ukumbini. Halafu jiulize: umemaliza? Jibu likiwa ndiyo, badilisha mkono.

Fanya 20 kwa kila mkono. Ngumi tano za mwanzo huwa tamu. Ikifika ya kumi na kitu, utaona akili imeanza kuuliza bado ngapi, na ule mtuo wa pumzi mbili unakuwa mfupi wenyewe bila wewe kuamua. Usiukwepe uchovu huo. Kwa maoni yangu, ngumi mbili tatu ulizopiga ukiwa umeshaona uvivu wako na bado ukasubiri zina thamani kuliko hamsini za kasi.

Hatua ya 4: Unapopigwa

Tafuta mwenzako, mkubaliane nusu ya kasi na nusu ya nguvu. Mmoja ashambulie, mwingine azuie, mbadilishane kila baada ya dakika mbili.

Itafika ngumi itakayokupita na kukugonga. Angalia kinachotokea kabla hujarudisha: taya linakaza, pumzi inakatika, mabega yanapanda. Hizo ni dalili za hasira, nazo hutangulia hasira yenyewe. Toa pumzi kwanza, rudisha miguu kwenye mkao wake, ndipo usogee. Ukiona huwezi, inua mkono na usimame. Kusimama kwa namna hiyo ni ujuzi, na mwalimu anayekucheka kwa hilo hakufai.

Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mwaka 1882, alifundisha kwamba mimi na wewe tunasitawi pamoja. Mwenzako anakuazima mwili wake ili ujifunze. Umrudishie mzima.

Hatua ya 5: Toka nayo

Kano huyo huyo alichukua jujutsu ya zamani akaiita judo, na "do" maana yake ni njia. Njia haiishii kwenye mlango wa ukumbi. Chagua jambo moja la kila siku, moja tu kwa wiki, na ulimalizie kama ngumi ya hatua ya tatu. Funga mlango mpaka usikie kitasa, kisha pumua ndipo uondoke. Osha sahani moja, iweke chini, ndipo ushike ya pili. Simu ikikatika, ishushe na ukae pumzi mbili kabla ya kufungua kitu kingine.

Kwenye ugomvi wa nyumbani, usijaribu zoezi hili hadi wiki ya tano. Dalili za kuangalia unazijua tayari: taya, pumzi, mabega.

Hatua ya 6: Mistari miwili kila usiku

Andika kwenye daftari: leo niliondoka mapema wapi? Leo nilibaki wapi? Usijipe alama. Baada ya wiki sita soma yote kwa mkupuo, na utaona jambo moja linalojirudia.

Kwangu lilikuwa hili: nilikuwa naanza kutunga jibu kabla mtu hajafika mwisho wa maneno yake. Siku hizi mtu akinyamaza natoa kwanza pumzi moja ndefu. Mara nyingi pumzi hiyo haijaisha, naye anaendelea kusema. Kumbe alikuwa bado.