Jinsi ya kumkumbuka babu aliyeenda Keya na hakurudi, hata kama kaburi lake hamlijui

Kama kwenu kuna babu alichukuliwa Keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, wakati wa vita vya pili vya dunia akapelekwa Burma, ndo Myanmar ya leo, na hakurudi, hii ni yako. Wengi tumekua na habari ya mstari mmoja tu, "alienda vitani akapotelea huko", basi, na wazee waliomjua kwa sura wanaisha. Mi nimepitia haya na kaka yake babu yangu, nakupa nilivofanya na pale nilipokosea.

Anza na wazee kabla ya intaneti. Kaa na bibi au shangazi mkubwa kabisa aliyebaki, rekodi kwenye simu, na usimuulize "alikufa mwaka gani", maana mwaka hana na ataona anafanyiwa mtihani. Muulize aliondoka wakati wa njaa ipi, alitahiriwa na kina nani, vijana gani wa hapo waliondoka nae, kazi yake jeshini ilikua nini, na aliandikishwa kwa jina gani. Hilo la jina ndo kubwa. Karani aliandika alivosikia yeye, mwingine akaandikwa jina la baba, mwingine jina moja tu, L ikawa R, "bin" ikaruka.

Alafu ulizia karatasi yake ya jeshi. Kwetu ilikua kwenye mkebe wa bati chini ya kitanda cha shangazi, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekatika, wino umefifia ukawa rangi ya chai, ila namba ya askari ilisomeka. Piga picha namba hiyo siku hiyo hiyo. Ukikuta medali ya nyota ya shaba ya pembe sita, ile ya Burma, igeuze uangalie nyuma, lakini ukikuta patupu usikate tamaa, nyingi zilitolewa bila jina.

Sasa ndo uingie kwenye tovuti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ipo toka 1917 na kusachi ni bure. Weka jina moja tu kwanza, jaribu kila tahajia unayoweza kufikiria, au weka namba ya askari kama unayo. Kosa langu lilikua hapa, nilitafuta miezi miwili kwenye King's African Rifles peke yake kwa sababu nyumbani kila aliyevaa sare aliitwa Keya. Kumbe yeye alikua wa mizinga, East African Artillery. Madereva nao wako kwenye East African Army Service Corps. Kwa hiyo kikosi kiache wazi mwanzoni. Na usimuondoe mtu wako ati kwa kuwa hakupigwa risasi, malaria iliua sana kule bonde la Kabaw 1944 mvua zikinyesha, na tume inahesabu waliofia jeshini kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, hata aliyefia hospitali vita vikiwa vimeisha.

Ukimpata utaona jina lake liko wapi. Wengi waliofia Burma bila kaburi kujulikana wako Rangoon Memorial, mnara wa majina kwenye makaburi ya Taukkyan nje ya Yangon, majina karibu 27,000, na rekodi itakuambia ni upande namba ngapi. Wengine wamezikwa Imphal, India. Wa kwetu alikua ndani ya meli Khedive Ismail, ilitoka Mombasa kwenda Ceylon, ndo Sri Lanka ya leo, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani ikaipiga torpido ikazama ndani ya dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wa kikosi cha 301 cha mizinga. Hao wa mizinga majina yao yako Nairobi War Cemetery, Ngong Road. Yaani mtu amefia katikati ya Bahari ya Hindi, jina lake liko Ngong Road unapopita na matatu, na ukoo mzima miaka sabini na kitu haujui! Iliniuma sana hio.

Ukienda, nenda na mzee kama miguu bado inamruhusu. Nenda asubuhi, jua likiwa chini herufi zinatokea vizuri kwenye picha. Usizipake rangi wala kuzisugua. Shangazi yangu hajui kusoma, nilimshika kidole nikakipitisha herufi moja moja, akaita jina kwa sauti, sio lile la jeshi, lile la nyumbani, alafu akamtajia waliozaliwa nyuma yake, mmoja mmoja. Tulikaa kama saa nzima na sikumharakisha.

Kama jina limekosewa, waandikie tume uwatumie ushahidi, karatasi za jeshi ndo zina nguvu. Kama wako alikua mpagazi wa vita vya kwanza, wale wa Carrier Corps, ndo jina Kariakoo lilipotoka, jua mapema kwamba wengi hawakuandikwa majina popote, tume yenyewe ilikiri 2021, kwa hiyo huyo muandikeni nyinyi, kwenye jiwe hapo nyumbani au hata kwa kumpa mtoto jina.

Siku chagueni wenyewe. Kuna 11 Novemba saa tano asubuhi, Tanzania kuna 25 Julai siku ya mashujaa, sisi tumechukua 12 Februari. Na picha ya jina ichapishe, usiiache kwenye simu, simu huibiwa. Yetu iko ndani ya ule mkebe, na nyuma yake tumeandika namba yake, jina la meli, na jina alilokua anaitwa na mama yake.