Somo: Kuthibitisha namba tasa kubwa kwa kalamu na karatasi

Assalaam alaykum. Skuli tunatafuta namba tasa kwa kugawa: kwa 2, kwa 3, kwa 5, mpaka mkono uchoke. Kwa namba ya tarakimu 39 njia hiyo haifiki popote. Lakini mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2¹²⁷ − 1 ni tasa, na kompyuta hazikuwapo. Njia yake, aliyoinyoosha Mmarekani Derrick Lehmer, naipenda kuliko zote ninazosomesha.

Ni ya namba za Mersenne tu: 2 kwa kipeo p, kisha toa 1.

Hatua ya 1. Chagua p iliyo tasa, kuanzia 3. Kama p inagawanyika, namba nayo itagawanyika, usijisumbue. Tuchukue 7: 2⁷ − 1 = 127.

Hatua ya 2. Andika 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2. Umepata 14.

Hatua ya 3. Endelea vivyo hivyo, ila jibu likipita 127, ligawe kwa 127 uchukue baki tu. Ni kama saa zetu: saa kumi ukiongeza saa tano unapata saa tatu.
14 × 14 − 2 = 194, baki 67.
67 × 67 − 2 = 4487, baki 42.
42 × 42 − 2 = 1762, baki 111.
111 × 111 − 2 = 12319, ambayo ni 127 × 97 kamili. Baki 0.

Hatua ya 4. Umezidisha mara 5, yaani p − 2. Simama hapo. Baki ikiwa 0, namba ni tasa. Isipokuwa 0, si tasa. Hakuna "huenda".

Kwa kipimo hiki hiki ndipo ilipothibitishwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 mwaka 2024, yenye tarakimu 41,024,320.

MASWALI

Mwanafunzi, Wete: Maalim, 11 ni tasa. Basi 2¹¹ − 1, yaani 2047, nayo ni tasa?

Hapana, mwanangu. Baada ya mara 9 inabaki 1736. 2047 ni 23 × 89. Ajabu ya kipimo hiki ni kwamba kinakwambia namba inagawanyika bila kukutajia vigawo vyake. Lucas alijua 2⁶⁷ − 1 si tasa. Vigawo, 193707721 na 761838257287, vilitolewa na Frank Cole mwaka 1903.

Mwalimu, Chake Chake: Kwa nini 4, na kwa nini kutoa 2?

Chukua 2 + √3 na 2 − √3. Jumla yao 4, zao lao 1. Ukizidisha jumla a + b kwa yenyewe unapata a² + b² + 2ab. Kwa kuwa ab ni 1, ukitoa 2 inabaki a² + b² safi. Kila hatua inapandisha vipeo maradufu.

Mzazi, Mkoani: Namba hiyo ya mwaka 2024 ndiyo inayolinda ujumbe wa simu?

Siyo, mama. Ni kubwa mno kwa kazi hiyo. WhatsApp hutumia 2²⁵⁵ − 19, tarakimu 77 tu, na kila mtu anaijua. Siri ni namba nyingine, ambayo simu yako hujichagulia yenyewe.