SOMO: Kutia ukindu rangi za asili isichuje

Kila wiki naulizwa faraghani lile lile: "Rangi yangu ya manjano imemchafua mgeni aliyekalia mkeka, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja nimechoka. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

Jambo lenyewe ni hili: chumvi na siki haziishiki rangi kwenye ukindu. Kinachoshika ni ukakasi kwanza, kisha shabu, yale mawe meupe ya kinyozi. Wengi wanaanza na sufuria ya rangi, ndiyo maana kazi ya mwezi mzima inaishia kwenye beseni la kufulia. Na inaniuma, kwa sababu mikeka ya plastiki imejaa madukani, wanaojua kupika mkoko na mdaa wanazidi kuzeeka, halafu kijana anayejaribu anakata tamaa siku ya kwanza.

Hatua ya 1. Kata kinda la mkindu, lile kuti la katikati lisilokunjuka bado. Usiguse kilele, na angalia miba ya shinani.

Hatua ya 2. Chana, upana ulingane. Uti tupa.

Hatua ya 3. Chemsha nusu saa, anika juani mpaka uwe mweupe, funga vicha vilegevu. Pima uzito ukiwa mkavu. Vipimo vyangu vyote ni vya gramu 500.

Hatua ya 4, ukakasi. Hii ndiyo inayorukwa. Ukila bibo la korosho ulimi unakakamaa. Kinachoukakamaza kinaitwa tanini, na ndicho tunachokitaka. Sufu ya kondoo hushika shabu yenyewe bila msaada. Ukindu ni jani, na jani halishiki shabu vizuri mpaka linywe tanini kwanza. Chukua gramu 100 za maganda makavu ya komamanga, ponda, chemsha saa nzima, chuja. Loweka ukindu kwenye maji ya kawaida uloe mpaka ndani, kisha uzamishe kwenye yale maji ya komamanga yangali moto, ulale humo usiku kucha. Asubuhi ukamue, usiusuuze. Utakuwa na umanjano hafifu, usishtuke.

Hatua ya 5, shabu. Gramu 75. Isage, iyeyushe pembeni kwa maji ya moto mpaka isibaki chembe, ndipo uimimine kwenye sufuria kubwa. Ukiimwaga ya mawe moja kwa moja juu ya ukindu utapata mabaka yasiyotoka tena. Moto mdogo, maji yafuke mvuke yasitokote, saa moja, kisha yapoe na ukindu ukiwa humo humo.

Tahadhari, na ninazirudia kwa sababu kila moja nimeiona ikimharibia mtu kazi. Sufuria iwe ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu. Kutu kidogo tu inafifiza manjano yawe rangi ya tope. Sufuria hiyo isirudi jikoni kupikia chakula. Unga wa shabu usiuvute puani. Na shabu si magadi! Zote nyeupe, zote zinauzwa kwa wauza dawa za asili, lakini kazi zake ni mbali kabisa. Kama huna hakika, mwulize kinyozi anayepaka shabu baada ya kunyoa.

Hatua ya 6, rangi.

Manjano: bizari ya manjano gramu 250, chemsha, chuja kwa kitambaa, zamisha saa moja. Inang'aa kuliko zote na inapauka juani kuliko zote. Ya mkeka wa barazani tumia maganda ya vitunguu maji, ujaze sufuria. Yanatoa manjano ya dhahabu yanayodumu zaidi.

Hudhurungi nyekundu: gome la mkoko. Katakata, loweka usiku, chemsha saa mbili. Mkoko wenyewe una ukakasi mwingi, kwa hiyo hapa ruka hatua ya 4, usiruke ya 5. Gome litoke kwenye boriti iliyokwisha kukatwa kihalali. Ukiubambua mti ulio hai kuuzunguka pande zote umeuua, na mikoko inalindwa na sheria.

Nyeusi: mizizi ya mdaa, au huo ukindu wa mkoko ukipitishwa kwenye maji ya kutu. Misumari yenye kutu, siki na maji, wiki mbili kwenye chupa isiyokazwa kifuniko. Chovya dakika chache, toa, upepee, tazama, rudia. Usiuache humo ukaenda sokoni. Chuma kikizidi kinakula ukindu, na miezi michache baadaye mkeka unakatika kwenye mikunjo.

Hatua ya 7. Suuza mpaka maji yawe meupe, anika kivulini.

MASWALI

Mchangani: Nimefuata kila kitu ila hatua ya 4 na 5 sikufanya maana sikuwa na vifaa. Rangi inachuja. Tatizo nini?

Jibu: Hatua ya 4 na ya 5.

Binti Pangani: Dada, manjano yangu yametoka mekundu kama damu ya mzee. Nimefuata vipimo.

Jibu: Uliosha sufuria kwa sabuni, au ulichonunua ni magadi. Bizari ikikutana na sabuni, magadi au maji ya majivu inageuka nyekundu. Tone la ndimu litairudisha. Mkeka wa bizari usifuliwe kwa sabuni, maisha yake yote.

Mchangani: Mbona bibi yangu alikuwa anatia chumvi tu na haikuchuja?

Jibu: Alikuwa anapika rangi gani? Kama ni mkoko au mdaa, ukakasi ulikuwa ndani ya rangi yenyewe. Bibi yako alijua anachokifanya, wala sijampinga. Wewe umepika bizari.

Fundi wa Kitui: Asante sana kwa somo. Huku kwetu tunasuka viondo. Je, kwa katani hatua ni zile zile, na kwa nini ukakasi utangulie na si shabu?

Jibu: Swali zuri. Zile zile, ila katani ioshe vizuri kwanza, mabaki ya utomvu yanazuia rangi. Ukakasi unatangulia kwa sababu wenyewe unaganda kwenye jani, kisha shabu inaushika ukakasi, kisha rangi inaishika shabu. Ni mnyororo. Ukianza na shabu peke yake, nyingi inaondoka na maji ya kusuuzia. Pima kwa vicha viwili vidogo, kimoja kwa kila mpangilio, vyote uvipike sufuria moja. Na ukiweza tuandikie habari za nyuzi za gome la mbuyu, zile akina mama wa Ukambani wanazosokotea viondo.

Fundi wa Kitui: Nitaandika. Mbuyu ukibambuliwa kwa adabu gome linaota tena, hilo wengi hawalijui.

Kijana wa Wete: Buluu je?

Jibu: Mnili, mmea unaotoa nili. Huo hautaki shabu wala ukakasi. Majani yanavundikwa, maji yanawekewa chokaa, na chombo kikiwa tayari maji yanakuwa ya kijani-manjano. Ukindu unatoka wa kijani na kugeuka buluu ukiguswa na hewa, mbele ya macho yako. Ni somo zima peke yake. Kama unao mti karibu, niambie, tutaufanya pamoja hatua kwa hatua.

Mama Mikoba: Mzingefuri pia unatoa rangi ya chungwa. Mbegu zichemshwe na magadi kidogo, ndipo rangi inapokubali kuachia.

Jibu: Kweli kabisa, mama, na hapo ndipo magadi yana kazi yake. Inapauka juani lakini, iwe ya msala wa ndani.

Mwanafunzi_Msusi: Miyaa, yale majani ya mkoma, inafaa badala ya ukindu?

Jibu: Inafaa kwa majamvi na vikapu. Ni minene, iloweke muda mrefu zaidi kabla ya hatua ya 4. Kwa msala mwembamba baki na ukindu. Wakati wa kusuka ukili, ule ukanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, uwe na kitambaa kibichi magotini, ukindu uliopikwa hukakamaa upesi ukikauka.

Mchangani: Shabu inauzwa wapi?

Jibu: Soma tahadhari zilizo chini ya hatua ya 5.